Dawa za Modesta Haziachwi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Leo ni tarehe 9 Juni, mwezi wa tatu tangu nitoke kwangu Buswelu, Mwanza, kuja kuvuta nyavu za dagaa huku kisiwani. Naomba msaada kabla sijagombana na mama yangu mzazi.

Binti yangu Modesta ana miaka sita, anatibiwa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na kikohozi kimeisha na mwili umerudi, ila ngozi imekolea weusi, na daktari alituambia mapema kuwa dawa mojawapo hufanya hivyo, sasa mama kavuka kutoka Sengerema, kamwona, kanipigia simu analia, "Maige, mjukuu wangu mnamtibu au mnamchoma mkaa? Namchukua kwa mganga," nikamjibu, "Mama, hata awe mweusi kama sufuria ya kambini, dawa atameza," akasema nimeota mapembe, na kweli nimeota. Mke wangu Hellen naye ananichosha, eti mtoto hataki viatu, miguu inamwaka moto, anaibandika kwenye sakafu ipoe, nikamwambia asithubutu kuyataja hayo kliniki, wasije wakamwachisha dawa tukampa bibi ushindi. Je, nakosea kumkatalia mama? Mimi nitarudi mbalamwezi ikiwaka, maana ndipo dagaa hawavuliki.

Maige, kisiwani

Marahaba, Maige. Kwa mama yako hujakosea. Weusi huo hufifia polepole tiba ikiisha. Mwambie kwa heshima, na usirudi nyuma.

Kwa Hellen umekosea vibaya, baba. Umemziba mdomo mtu pekee aliyeiona hatari. Mtoto anayekimbilia sakafu haleti madeko. Baadhi ya dawa hizo huumiza mishipa ya fahamu, hata macho, na ukichelewa madhara yanaweza kubaki. Nani kakudanganya kuwa daktari akiambiwa atamfukuza mtoto? Atapunguza dozi au kubadilisha dawa moja, tiba iendelee.

Mpigie Hellen sasa hivi, umwombe radhi. Kesho asubuhi ampeleke Modesta kliniki na dawa zake zote, aseme habari ya miguu, aulize na macho. Msiache wala msipunguze dawa wenyewe. Bibi aende nao, ubishi wake akamwage mbele ya daktari.

Na wewe usingoje mbalamwezi. Panda boti ya kwanza inayopeleka dagaa Mwanza, ukae juu ya magunia, ufike unanuka, lakini ufike.