Mashine Ikinyamaza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua, na yule jogoo wako mkorofi bado anamkimbiza mtu wa posta. Mimi sijambo, cherehani pia haijambo, na wateja ni walewale, wanaleta kitambaa leo wakitaka nguo jana.

Juzi Shangazi alinikokota hadi sinema. Picha ilihusu msichana na mvulana waliofichwa darini wakati wa vita, wakapendana humo. Nilikataa, akasema nitazeeka nikiwashonea wenzangu nguo za harusi. Nikaenda.

Mama, wale watoto walipiga domo! Askari wako barabarani, wao wanatajiana majina na kuapiana mapenzi kwa sauti. Nikamnong'oneza Shangazi kwamba hawa wangekamatwa kabla ya chai. Akanifinya.

Nilikuwa nakumbuka dari letu, juu ya mashine ya kusaga unga, uliponificha nikiwa na miaka kumi na sita. Hukujua kwamba mle darini mlikuwa na mvulana, aliyefichwa kabla yangu. Mwenye mashine alitukataza kutajiana majina, ili mmoja akikamatwa asiwe na la kusema. Nikamwita Kope, maana kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Mashine ikinguruma tuliongea, mdomo karibu na sikio. Ikinyamaza tuliinua miguu kutoka sakafuni, mbao zisilie, tukabana pumzi, tukatazamana. Mpaka leo sijui nilimpenda ikinguruma au ikinyamaza.

Alfajiri moja akahamishwa nikiwa usingizini, na mwenye mashine hakuishi kuuona mwisho wa vita. Ningemtafutaje mtu nisiyemjua hata jina?

Basi katikati ya picha umeme ukakatika. Mngurumo wa mtambo wa picha ukakoma, watu wakapiga miluzi. Mimi, kama mjinga, nikainua miguu na kubana pumzi. Mlinda mlango akaja na tochi, akamulika safu yetu. Kule ukutani mwanamume mmoja naye alikuwa ameinua miguu.

Aliiona miguu yangu kwanza, kisha uso. Nje hatukuweza kusema neno, barabara ilikuwa kimya mno. Shangazi alidhani tunadaiana. Tukatembea mpaka tukakuta jenereta likinguruma mbele ya bucha, na hapo, mdomo karibu na sikio, akanitajia jina lake.

Sasa nikiri, Mama. Wachumba wote ulioniletea, hata yule mpole wa benki, hawakuwa na kasoro. Nilikuwa namngoja Kope, nikaona haya kukwambia namngoja mtu asiye na jina. Nampenda. Hana mke, nilimuuliza mara mbili, jenereta lilikuwa na kelele.

Msalimie sana Kaka na wanawe. Jumapili nakuja naye, jina atakutajia mwenyewe. Tafadhali washa redio, uiache ikiongea. Ikizimika, tukakaa kimya ghafla, usidhani mgeni hana adabu. Chungulia tu chini ya meza.

Ni mimi, kitindamimba wako.