Shujaa wa Katuni Anamwamkia Mama Mdogo wa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana nikishafanya ninalotaka kulifanya Jumamosi hiyo, hata ukinijibu itakuwa umechelewa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Hope, nina miaka thelathini na minane, nashona sare za shule hapahapa Mtoni, na mume wangu Kasiani anauza saruji na nondo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu nimezoea mtu anayerudi nyumbani wa kijivu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka kola, na nadhani ndiyo sababu nikaipenda ile katuni.

Katuni yenyewe inaitwa Bwana Vumbi, hutoka kila Ijumaa kwenye simu, na kwa wasioijua ni habari za shujaa anayetokea kiwandani Wazo ndani ya wingu la saruji, kichwani kavaa mfuko wa saruji uliotobolewa matundu mawili ya macho, anawakomesha vibaka na matapeli wa viwanja halafu anapotea, na akiwa kwake nyumbani huchorwa kwa mgongo tu, sura yake hakuna aliyewahi kuiona. Sisi wasomaji tuna kundi letu la WhatsApp, tuko zaidi ya mia mbili, na tumegawanyika. Kuna sisi Fichua, tunaotaka mchoraji atuonyeshe Bwana Vumbi ni nani, maana tumemfuata toka toleo la kwanza na ni haki yetu, na kuna Funika, wanaoongozwa na mwalimu mmoja wa Mwenge anaitwa Albano, yeye anasema siku mkimjua huyo mtu atakuwa hana tena mahali pa kupumzikia. Katika Fichua mimi ndiye mwenye maneno kuliko wote, sikatai, nashona huku natuma ujumbe wa sauti, na admini wa kundi, ambaye hatumjui sura wala jina, ananipenda kwa hilo, kila Jumatatu lazima aniulize pembeni, "Dada, za nyumbani?" nami namweleza, maana mchana hapa niko na cherehani tu, na yeye ni msikivu, hata ya ukweni namwambia na hachoki.

Sasa sikiliza. Kwenye toleo la kumi na nne Bwana Vumbi alirudi kwake, akagonga viatu mara tatu kwenye mwimo wa mlango, akakaa, akamimina chai kwenye kisahani, akaipuliza, akainywa hivyohivyo kwa kisahani. Nikacheka, nikasema kumbe wako wengi kama Baba Hope. Toleo la kumi na saba akapanda juu ya kiti kwa sababu ya mjusi, shujaa mzima, kundi zima tukafa kwa kicheko, mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikajichoma sindano, halafu kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu mume wangu ana miaka arobaini na mitano na anaogopa mjusi kuliko nyoka, na hilo nje ya nyumba yetu halijui mtu.

Kilichonimaliza ni toleo la ishirini na moja. Bwana Vumbi anamtoa binti mmoja kwenye kibanda cha chipsi kilichoshika moto, binti kabisa, Bwana Vumbi amemzidi umri waziwazi, na kabla hajapotea anamwinamia na kumwambia, "Shikamoo." Mshauri, kundi halikutulia siku tatu. Wengine wakasema mchoraji kakosea, wengine wakasema basi Bwana Vumbi ni mwanafunzi, mwalimu Albano akasema mwacheni na heshima zake, na kuna mmoja anaitwa Twalib akaandika, "Oya, yule atakuwa mama mkwe wake, jamaa kaoa kitoto." Mimi nilikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye kundi, kwa sababu jibu nalijua. Mume wangu ana mama mdogo, Margareta, mdogo wa mwisho wa mama yake, ambaye mume wangu amemzidi miaka kumi, na kwao Mbinga heshima ni ya cheo si ya umri, kwa hiyo mwanaume na mvi zake humwamkia yule dada shikamoo, tena kwa kuinama, naye huitikia "marahaba mwanangu" bila hata kucheka.

Basi nikajiuliza, huyo mchoraji kayajulia wapi ya ndani kwangu? Hajulikani ni nani, anasaini kwa kuchora kitana kidogo pembeni ya picha, na mimi kwa kitana kile nikajua ni mwanamke. Nikaanza kumchunguza mume wangu, nikakuta kila kitu kimebadilika. Chai ya kisahani ameacha, anaisubiri ipoe kwenye kikombe kama mgeni. Viatu hagongi tena. Na vumbi, mshauri, vumbi halipo! Muuza saruji anatoka kazini ananukia sabuni, anakoga wapi na kwa nani? Juzi mjusi kaanguka kutoka dirishani karibu kabisa na mguu wake, akakaa palepale jasho linamtoka, hakuinuka, nikajua tayari kuna mtu anamfundisha ujasiri. Na Jumapili baada ya misa tulikutana na Margareta, mume wangu akamwambia "habari za siku," akapita. Habari za siku, mama yake mdogo! Margareta alibaki kanyoosha mkono, machozi yakamlenga, akaniuliza, "Mama Hope, nimemkosea nini mwanangu?"

Simu yake nimeipekua mara mbili sikukuta kitu, jambo linaloonyesha kwamba anafuta. Mara ya pili akanifuma. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mama Hope, mie nimechoka kupekuliwa. Ukirudia tunapanda basi wote mpaka Songea kwa wazazi wako, tukaongelee huko." Tangu siku hiyo analala kwenye kochi. Na kabla ya hapo alishaniuliza, taratibu, kama mtu anayenipima, "Hivi nyie kwenye hilo kundi lenu mnaongeaga nini?" Nikamjibu, "Katuni, kwani we unatakaje?" akanyamaza.

Jumamosi mchoraji anakutana na wasomaji kwa mara ya kwanza, ukumbini Mwenge, tupige kura ya kumfichua Bwana Vumbi au kumfunika, na admini kanisisitiza, "Usikose dada, na shemeji uje naye." Mume wangu nimemdanganya kwamba tunakwenda kwa wachonga vinyago wa hukohuko Mwenge kutafuta kigoda cha zawadi, na Margareta nimemwomba aje bila kumweleza kwamba nataka awe shahidi. Nikifika nitamsimamisha mume wangu mbele ya huyo mwanamke na watu wote niseme, huyu hapa Bwana Vumbi wenu, sasa tuambiane mmejuana wapi. Nifanye hivyo, au nimfuate kwanza mchoraji peke yake? Ndoa yangu naipenda na mume wangu nampenda, nikimpoteza sijui nitaanzia wapi, ila siwezi kuishi na mtu mwenye uso wa pili. Jina langu nakuomba sana ulifiche.

Mama Hope, Mtoni

Mshauri Benedicta anajibu:

Marahaba, Mama Hope. Jina lako nimelificha. Nimelificha pia la mumeo, ambaye uliniandikia majina yake yote matatu na duka lake linatazamana na nini, na la mama yake mdogo, na mnakotokea. Kila jina la mtu na la mahali linalosomeka hapo juu kuhusu nyumba yako nimelibadili mimi, kwa sababu wewe hukukumbuka kuniomba.

Pole. Mwenzio kulala kochini wakati chumba kipo ni jambo linalouma, na sikucheki kwa hilo. Ila pole yangu inaishia hapo, sasa tufanye kazi. Chukua simu yako, achana na ya mumeo. Fungua mazungumzo yako na huyo admini, yale ya pembeni. Tafuta ujumbe wa sauti uliotuma kabla ya toleo la kumi na nne, uusikilize mpaka mwisho. Kisha uliotuma kabla ya lile la mjusi. Kisha tafuta siku uliyomsimulia mambo ya ukweni. Usipojisikia mwenyewe ukisema, "Yaani Baba Hope anakunywaga chai kwa kisahani," njoo ofisini kwangu unizomee. Unaniambia la mjusi halijui mtu nje ya nyumba yenu. Mama, kila Jumatatu unammwagia mambo ya ndani mtu usiyemjua sura wala jina, Ijumaa unayakuta yamechorwa, halafu unakwenda kunusa kola ya mumeo!

Sijui kama admini ndiye mchoraji au anampelekea mchoraji. Nina shaka zangu, nawe ningependa uwe nazo. Kundi zima la watu mia mbili linabishana juu ya mtu wa kuchorwa, na mmoja tu kazi yake ni kuuliza za nyumbani. Sasa anamtaka na shemeji ukumbini. Wewe uliyeshuku sabuni, mbona hapo hukushuku?

Utaniuliza, je, kama kweli kuna mwanamke? Mjini hapa sikuapii. Lakini katika barua ndefu hivi hujaleta hata kitu kimoja cha mwanamke isipokuwa kitana, na mume wangu mimi ana vitana viwili na nywele hana.

Turudi kwa mumeo, maana ushahidi wako niliusoma mara mbili na mara ya pili ukanitia uchungu. Ameacha kisahani baada ya kisahani kuchorwa. Ameacha kugonga viatu baada ya viatu kuchorwa. Anakoga kazini, nadhani kwenye bomba la nyuma ya duka, kwa sababu mtu mnayemcheka anajulikana kwa vumbi la saruji. Na yule anayeogopa mjusi kuliko nyoka alivumilia na mjusi mguuni ili mkewe asipate la kusimulia. Mama Hope, mumeo anaisoma hiyo katuni. Alijiona humo, na hakuhitaji kura kujua habari zimetokea mlango gani, nyumba yenyewe ina watu wawili na mtoto. Akakuuliza kwa upole mnaongea nini, akakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Ukamjibu kwa ukali, ndipo akanyamaza.

Na Margareta ndiye aliyeumia bure kuliko wote. Mwanaume amemwamkia mama yake mdogo kwa kuinama miaka yote bila aibu, sasa anaona aibu, kwa sababu watu mia mbili wamelijadili hilo siku tatu na mmoja kasema kaoa kitoto. Unahofia uso wa pili? Huo wa pili ameuvaa juzijuzi tu, kwa ajili yako. Mwalimu Albano alisema mtu mkimjua hatakuwa na mahali pa kupumzikia. Yeye alikuwa akimtetea mtu wa kuchorwa, wewe wako anapumzikia kwenye kochi.

Kwa hiyo Jumamosi huendi Mwenge. Margareta mpigie leo umwambie safari imevunjika. Admini mwandikie mara moja tu kwamba habari za nyumba yako zisichorwe tena, bila matusi, maana na matusi yatachorwa, kisha toka kwenye kundi. Wapige kura yao bila wewe.

Kesho mumeo akirudi kazini, mpeleke Hope kwa jirani. Mwekee chai ya moto, weka na kisahani. Usianze na mchoraji, usianze na admini, usianze na "unajua mie nilidhani". Sema, "Ni mimi niliyesema." Ukishasema hivyo nyamaza, najua kwako hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona sare za shule nzima. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake. Akitaka mpande basi mwende kwa wazazi wako, panda, na huko pia uwaambie ni wewe. Simu yake usiiguse tena.

Jumapili mwombe mwende wote kwa Margareta, maana hajui kosa lake, na hana kosa. Wewe kaa nyuma. Siku utakayomwona mumeo anamwinamia na kumwamkia shikamoo mbele yako kama zamani, ujue ameamini kwamba hutasimulia. Wala usiniandikie kuniambia.