Kidole Chako Kimo Mlangoni

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka Twiga,

Pokea salamu za mdogo wako Kasuku. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima kwenye simu? Sisi hatujambo. Mimi kazi ya dobi hapo hospitalini inanimaliza mgongo, na Mama ana kidonda cha mguu kisichotaka kufunga, lakini anakula na kugomba kama kawaida.

Nimekukumbuka mno, kaka. Kwenye simu sikuambii, maana ukinisikia nalia utakata usingizie mtandao. Nakujua.

Sasa sikia habari za kile kitasa cha alama za vidole ulichotuwekea baada ya kuibiwa, muda mfupi kabla hujasafiri. Kinafanya kazi, sikatai, ingawa mikono ikiwa na maji kinajifanya hakikujui. Shida ilikuwa muuguzi anayekuja asubuhi kumsafisha Mama kidonda, wakati sote tumeshatoka. Mama kuinuka kumfungulia ni shughuli nzima. Nikamwita fundi amsajili muuguzi. Fundi akasema kitasa ni cha bei rahisi na kimejaa, hakipokei mtu mpya mpaka mmoja wetu afutwe.

Akashauri afutwe asiyeishi hapa. Eti vitasa hivi mara mojamoja hukosea vikampokea mgeni, na kila alama ya ziada inaongeza nafasi ya kosa hilo. Nikaona ana akili. Nikamwambia afute ya kwako, nikaenda zangu kazini. Usinune. Ungekuwa mimi ungefanya hivyohivyo.

Mama akabaki na fundi, na nasikia alimhoji akamtoa jasho: hizo alama zinakaa wapi, nani anaziona, waliotengeneza kitasa wanazipata? Fundi akamweleza kwamba hakuna picha, ni hesabu tu za mistari ya kidole, zimo humo mlangoni na haziendi popote. Ila zikifutwa, hazirudi mpaka mwenyewe aje.

Juzi narudi kutoka kazini kwenye mvua, namkuta Mama amekaa kwenye ngazi ya mlango, kaloa chapachapa, nguo alizoanua ziko mapajani. Mlango ulikuwa umejifunga nyuma yake. Nikamuuliza mbona hakuweka kidole. Akajifanya anakunja nguo. Nikamfuta mkono, nikakiweka mwenyewe kidole chake. Taa nyekundu. Nikarudia, nyekundu. Ndipo akaniambia kwamba alimwagiza fundi afute cha kwake, akuache wewe.

Nilifoka, kaka, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Akaningoja nimalize. Akasema yeye akifungiwa nje, sisi tutarudi jioni tumfungulie. "Lakini yule akifika, mlango ukamkataa, atadhani tumeshazoea kuishi bila yeye. Ataondoka tena."

Nikataka kufuta cha mwanangu mdogo ili nimrudishe Mama, hataki, anasema mtoto atakaa nje akitoka shule. Cha kwako sithubutu kukitaja tena. Sasa akitoka anaegesha kandambili mlangoni usijifunge, na wezi nao wakipita waone tulivyojilinda.

Shemeji yako anakusalimu, wapwa zako wanamsalimu mjomba wao, na muuguzi, ambaye hamjawahi kuonana, naye kasema nimwandike. Mungu akulinde, akupe afya na nauli na wakubwa wa kazi wenye huruma.

Uje, kaka. Sitaki zawadi wala picha nyingine ya theluji. Kitasa hulia kila kikifunguka, na jioni tukishaingia sote Mama hapendi kelele. Anazima redio, anakaa akiusikiliza mlango, maana saa hiyo aliyebaki wa kuufungua ni mmoja tu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukungoja,
Kasuku