Mzingo wa Umbo la Pande Tano

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la sita, mzingo tena. Nimenakili ubaoni umbo la pande tano zisizolingana kutoka kitabuni. Jumlisha pande zote, basi. Wote wamepata mita 26, isipokuwa Kabula. Yeye 31. Nimemwekea mkasi mwekundu, alama ya kosa. Macho yananiwasha. Vumbi la chaki.

Jumanne, 4 Machi
Kabula kasimama. "Mwalimu, kitabuni upande mmoja ni nane." Ubaoni niliandika tatu. Nikamwambia asibishane, nikamvua uongozi wa somo mbele ya wenzake. Sijisikii vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Kabula hakuja.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi mama yake amenifuata nyumbani, kitabu mkononi, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mwalimu." Hakupandisha sauti. Alisema mtoto amekataa kurudi kwenye hesabu, akanifungulia ukurasa.
Nikausogeza juani. Tatu. Nikampa mke wangu. "Nane," akasema.
Aibu. Tangu Januari nawapa watoto wasome majina ya mahudhurio, nikidai wanafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba sioni. Naogopa kurudishwa nyumbani kabla ya kustaafu.

Ijumaa, 7 Machi
Kabula kaja. Nimeliambia darasa zima. Kosa ni langu, Kabula alikuwa sahihi, na macho yangu ni mabovu. Nimemwomba radhi. Uongozi nimemrudishia.
Akauliza, "Mwalimu, kwani mimi hunioni?"
Nikasema namwona, ila pua yake ndiyo siioni. Wakacheka. Naye pia.
Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu. Hakunigombeza. Aliandika barua ya ruhusa ya matibabu palepale.

Jumanne, 11 Machi
Bariadi, hospitali. Foleni ndefu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari anasema yanafanyiwa upasuaji, moja kwanza, jingine baadaye. Nilidhani ataniambia niache kazi. Mke wangu alinishika mkono mpaka stendi. Hajawahi kufanya hivyo mbele za watu.

Ijumaa, 14 Machi
Mwalimu Neema anashika vipindi vyangu hadi nipone. Leo amewatoa watoto nje wapime bustani ya mchicha ya shule, pembe sita, hakuna upande unaofanana na mwingine. Nimekaa barazani. Siwaoni vizuri, ila nasikia kamba ikiburuzwa na Kabula akitaja kila upande kwa sauti. Saba. Nne na nusu. Tisa. Nikawa najumlisha kichwani, hadi naye akataja jumla.
Tumepata sawa.