Kulilaza Gari Jeupe Kabla ya Mvua

Jumatatu, 5 Mei

Nimeosha gari upande wa chini. Saa mbili nzima chali kwenye turubai, mpira wa maji mkononi, matope yakinidondokea shingoni. Udongo mwekundu wa barabara ya Nimule unajificha kila kona. Ukiuacha, unakaa na unyevu hadi Novemba na chuma kinaliwa polepole.

Kila mwaka nalilaza hivi mvua zikianza kukaza. Njia za mtaa wetu wa Gudele, hapa Juba, zinageuka uji, na gari la turbo lenye tumbo chini namna hii halina lake hapa. Miezi sita bandani, miezi sita barabarani.

Poni, mke wangu, ameleta chai. Ameuliza kwa nini mwaka huu naanza mapema. Nimemwambia ni mawingu.

Si mawingu.

Jumanne, 6 Mei

Kazini. Nimewapeleka wauguzi wanne Kator na kuwarudisha. Karibu na soko boda boda ikatokea kushoto kama imechipuka ardhini. Nilifunga breki, muuguzi mmoja akapiga yowe. Nikamtukana mwenye boda. Baadaye nikakumbuka kwamba njia ilikuwa yake.

Ni mara ya tatu tangu Pasaka. Miaka kumi na moja naendesha gari la shirika, sijawahi hata kukwaruza mlango. Naandika hapa ili angalau daftari lijue.

Alhamisi, 8 Mei

Oili mpya. Ya zamani haifai kukaa ndani miezi yote hiyo, ina asidi. Nimejaza tangi la petroli hadi juu, kwa sababu tangi lenye nafasi linatoa jasho na kuota kutu. Magurudumu nimeyajaza upepo kuliko kawaida.

Nimeipiga teke ndoo ya oili chafu. Ilikuwa pale pale, mguu wa kushoto. Sikuiona. Nimemwaga mchanga juu yake kabla Poni hajatoka jikoni.

Nimekasirika na ndoo. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa narudisha gari nyuma kuliingiza bandani. Polepole. Niliangalia vioo vyote viwili. Nikasikia mlio wa plastiki, kisha sauti ya Poni akiita jina langu, jina langu la ubatizo, ambalo kwa kawaida halitumii.

Habuba alikuwa chini. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima unamwita Habuba, kama ni nyanya yetu sote. Alipita kwenye pengo la ua kuja kuchota maji kwetu, kama kila siku. Dumu lilipasuka chini ya gurudumu. Yeye aliruka akaangukia mkono. Kati ya bampa na kichwa chake palitosha kiganja kimoja.

Poni alimwinua. Watu wakaja. Mtu akauliza imekuwaje.

Nikasema: "Breki zimeshika vibaya."

Maneno yalitoka yenyewe. Yalikuwa tayari mdomoni.

Jumapili, 11 Mei

Kifundo cha mkono kimeteguka, hakikuvunjika. Habuba alikuja kanisani na bandeji. Wakati wa maombi alisimama, akamshukuru Mungu kwa kumwokoa, kisha akaomba kwa Kiarabu chetu cha Juba kwamba Mungu azitengeneze breki za gari la jirani yake.

Watu wakasema amina. Mimi pia.

Najichukia.

Jumatatu, 12 Mei

Poni alimpigia simu Otieno bila kuniambia. Otieno ni fundi, Mkenya wa Kisumu, karakana yake iko Munuki. Injini hii tuliifunga pamoja, boliti kwa boliti. Alikuja mchana na sanduku lake la vifaa. Akang'oa magurudumu yote manne. Akaangalia pedi, diski, mipira, akatoa hewa kwenye mabomba. Alifanya kazi kwa saa tatu kwa sababu ya uongo wangu, na mimi nilikuwa namshikia tochi.

Alipomaliza alipangusa mikono muda mrefu.

"Lado, breki hizi ni nzima kuliko zangu."

Nilizima tochi.

"Angalia ule mlango wa banda. Usigeuze kichwa." Akazunguka akasimama kushoto kwangu. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. "Nimeinua vidole vingapi?"

Sikuona vidole. Sikuona mkono. Sikumwona Otieno mwenyewe, na Otieno ni mtu mnene.

"Songa mbele kidogo," nikamwambia.

Akasonga. Akasonga tena. Alipotokea machoni mwangu alikuwa karibu mbele yangu, mkono bado juu, na uso wake sitausahau.

"Tangu lini?"

"Sijui. Krismasi."

"Na bado unabeba watu?"

Akafunga sanduku lake, akaondoka bila kuaga. Hajawahi kufanya hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Kwenye ubao wa kazini: kesho Terekeka, wauguzi sita, dereva Lado. Nje mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi.

Nilisoma jina langu mara nyingi. Kisha nikaingia kwa Madam Wanjiru, mkuu wetu wa usafiri, nikaweka funguo mezani. Nilimweleza yote, hata ya Habuba. Sikukaa chini. Alisikiliza akiziangalia zile funguo. Alisema jambo moja tu: ni vizuri nimekuja leo na si keshokutwa. Akafuta jina langu kwenye ubao mwenyewe. Sikujua kwamba kufutwa jina kunaweza kumpa mtu pumzi.

Nyumbani nikamwambia Poni. Nilitegemea machozi. Nilipata hasira.

"Unagonga bega mlangoni kila siku, Baba Keji. Unafikiri mimi ndiye kipofu? Nilikuwa nangoja uniambie. Nimengoja hadi Habuba akawa chini ya gari."

Hajanisemesha tangu hapo. Ana haki.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari ameiita presha ya macho. Inaanza pembeni, haiumi, na mtu hajui, kwa sababu macho hayaonyeshi giza pale palipokufa. Yanapajaza tu kwa kile kilicho karibu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kuendesha gari, hapana.

Nilimuuliza: hata Jumapili, hata barabara ikiwa tupu? Poni akanishika goti. Hapana.

Nililia kwenye choo cha hospitali, maji ya bomba yakiwa wazi.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Habuba. Nilimwambia breki hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, nilijua sioni vizuri nikaendesha. Alinitazama sana. Akasema nimemfanya aombe maombi ya bure, mbele ya watu, na Mungu alikuwa anamshangaa. Kisha akacheka, akaniwekea mkono mzima kichwani. "Malesh, jena tai." Pole, mwanangu. Akanituma nimchotee maji.

Jumamosi, 17 Mei

Otieno alirudi. Hakuna aliyetaja Jumatatu. Tuliliinua gari kwenye stendi za chuma. Mbao hatutumii, mchwa wangezila na gari lingeanguka kabla ya Julai. Tulitoa betri. Tulisokomeza nyavu za chuma kwenye ekzosi ili panya wasijenge. Handibreki tumeiacha huru, isije ikagandamana. Juu tumefunika kwa kitambaa cha pamba, maana nailoni inafungia unyevu.

Kila kitu kama mwaka jana. Nilitaka kiwe tofauti, sijui kwa nini.

Otieno aliuliza: "Unauza?"

Nilijifanya nakaza kamba.

Jumapili, 25 Mei

Mvua tangu tulipotoka kanisani. Wiki ya kwanza ofisini, kwenye kiti alichonipa Madam Wanjiru, imepita. Napanga safari za wengine, najua kila shimo wanaloliendea. Si kazi mbaya. Siipendi bado.

Mchana Otieno alituma ujumbe: klachi ikikaa miezi bila kukanyagwa inaweza kushikana, mtu aikanyage kila wiki. Nikachukua mwavuli. Poni akanifuata hadi bandani. Anaendesha gari letu dogo la otomatiki. Gia za mkono hajui.

Nilifunua kitambaa upande mmoja. Nikasimama kwenye mlango wa dereva, halafu nikazunguka nikakaa kiti cha kushoto. Miaka minane nina gari hili na sijawahi kukaa pale. Kiti hicho kiko chini zaidi. Kinanukia ngozi mpya.

Poni alikaa kwenye usukani. Alivua viatu vya kanisani.

"Nikanyage ipi?"

"Ya kushoto. Hadi mwisho."

Akakanyaga. Nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye gia. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilimsumbua, anaisukuma kwa nguvu mno. Nikamwambia asiisukume, aiache iingie yenyewe.

Ikaingia.

Akarudia tangu mwanzo. Mabati ya banda yalipiga kelele kwa mvua hata hatukuweza kuongea, nami nikauachia mkono wake, abadilishe mwenyewe.