Karatasi ya Mwarobaini

Nyumba Sitini, Malindi
20 Machi 1986

Kwa mjukuu wangu Zubeir,

Nakusalimu, na afya yako naiulizia, ingawa wewe ya kwangu hujaiuliza tangu Idi kubwa. Mimi mzima, ni goti tu. Dada yako Shekha mzima, anashona foronya za harusi yake.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, basi soma polepole na usicheke herufi.

Jana wamekuja watu watatu na kamba, wanapima uwanja wetu wa nyasi. Nikawauliza, "Nyinyi hapa mwapima nini?" Mmoja akanambia, "Mama, hapa sasa pana mwenyewe." Pana mwenyewe! Na sisi ni nini, mbuzi? Nyumba zenyewe hizi ukinyosha mguu umepiga teke jiko. Uwanja ule ndio ukumbi wetu. Vugo la harusi ya mama yako, Mungu amrehemu, lilipigwa pale, wanawake duara zima na pembe zao, mpaka nyasi zikalala. La Shekha ni mfunguo mosi, baada ya Ramadhani. Na Mwalimu Jedida pale pale ndipo anapotusomesha gumbaru, sisi watu wazima. Hizi herufi zimetoka pale.

Wewe wapiga taipu kwenye ofisi hiyo hiyo inayotupangisha nyumba hizi, huko Kilifi. Mwambie mkubwa wako. Nimeshajigamba kwa wanawake wote, usinitie aibu.

Wala usidhani mimi nimekaa tu. Mwezi wa kwanza niliamka alfajiri nikakuta hirizi imepigiliwa kwenye mwarobaini wa uwanjani: karatasi ndani ya nailoni, misumari minne, nailoni imejaa umande, sikuona ndani ila wekundu. Husuda ya harusi ya Shekha hiyo! Nikapiga bismillahi, nikaing'oa kabla watu hawajatoka, nikaenda kuitosa baharini nikiwa nimeipa mgongo. Hata sikugeuka. Wanawake wanishukuru mpaka leo.

Jibu upesi.

Nyanya yako,
Kaltuma


Kilifi
2 Aprili 1986

Nyanya, shikamoo.

Mimi mzima. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Nyanya, ile haikuwa hirizi. Ilikuwa ilani ya ofisi. Ilisema kiwanja kimeombwa na mtu, na mwenye pingamizi alete ndani ya siku sitini. Siku zimekwisha tarehe saba Machi. Hakuna aliyeleta.

Niliipiga taipu mimi. Sisi makarani tumeapishwa, habari za faili hazitoki nje. Nikafanya nililoweza: tarishi wetu, Kiponda, aliambiwa aipigilie kwenye nguzo ya barabarani, nami nikamwomba aipeleke kwenye mwarobaini, mbele ya mlango wako, ili Mwalimu Jedida akija awasomee. Na tarehe ya mwisho niliipigia mstari wa wino mwekundu, uione.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Zubeir


Nyumba Sitini, Malindi
9 Aprili 1986

Zubeir,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba sikupi.

Mtoto nimemlea kwa uji wangu, anaona nyumba yaungua, ananitumia mstari mwekundu! Mdomo ulikuwa wapi? Ijumaa zote hizo hukuweza kupanda gari ukaja, ukaninong'oneza sikioni, ukarudi? Kiapo! Mimi nimekufanyia mangapi bila kiapo?

Sasa sikiliza. Ingia kwa huyo mkubwa wako umwambie karatasi haikukaa hata siku moja. Siku zihesabiwe upya. Sema ameing'oa Kaltuma wa nyumba nambari kumi na saba. Nitakuja mwenyewe kutia sahihi, sasa naijua.

Hapa sijamwambia mtu. Wanawake wanauliza ile hirizi alitia nani, maana wanasema ndiyo iliyoula uwanja, niliitoa nimechelewa. Nami nimenyamaza. Mimi, Kaltuma!

Nyanya


Kilifi
14 Mei 1986

Nyanya, shikamoo. Ramadhani njema.

Nimekawia kwa sababu sikuwa na la kukwambia. Niliingia kwa mkubwa, nikamweleza. Akauliza, "Nani aliyeing'oa?" Akasema kung'oa ilani ya ofisi ni kosa, na aliyepanga nyumba ya ofisi akifanya kosa hilo hutolewa. Akashika kalamu, akangoja jina.

Nikasema silijui.

Nyanya, ningelitaja ungelala wapi na Shekha? Ukuta utaanza kabla ya Idi.

Mjukuu wako,
Zubeir


Nyumba Sitini, Malindi
29 Juni 1986

Zubeir,

Marahaba. Marahaba zote mbili.

Shekha ameolewa Alhamisi. Hukuja. Nilikuwa nimekuwekea pilau mpaka ikafanya ukoko.

Ukuta umefika juu ya kichwa changu. Mwarobaini uko ndani, twaona ncha tu. Vugo tulilipiga kwenye ujia, kati ya ukuta na milango yetu. Duara halikuwezekana. Walisimama mmoja nyuma ya mwenziwe, wanawake arubaini, wa mbele wakimaliza ubeti wa nyuma ndio kwanza wanauanza, pembe zikapigana ovyo. Shekha alicheka kwanza. Kisha nikamwona anafuta macho kwa mtandio.

Wanawake walinikalisha kwenye kiti, peke yangu. Wakasema, "Mpeni Bi Kaltuma nafasi, yeye alijaribu kutuokoa." Nikakaa. Nilifungua mdomo mara moja niwaambie, kukapita sinia la halua, nikaufunga.

Mwalimu Jedida hajarudi. Hana pa kusimamisha ubao. Nakuandikia nisije nikazisahau herufi.

Njoo. Sikugombezi, nimechoka. Ila usipite ulikozoea, huko hakupitiki. Zungukia nyuma, kwenye mtaro, uhesabu milango kuanzia hapo. Yote imefanana sasa. Wa kwangu ni wa saba.

Nyanya yako,
Kaltuma