Mazishi ya Mama na Akina Adalbero

Al Baraha, Dubai
4 Machi 2003

Mpendwa kaka, Padri Linus,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko parokiani? Nakuuliza nikijua jibu, maana hali yangu ni hiyo hiyo. Tangu Jumapili, ndugu yetu Cyrus aliponipigia simu kwamba Mama ametutoka, nalia hata nikitandika vitanda vya wageni hotelini. Leo madam, msimamizi wetu, amenirudisha chumbani nipumzike.

Sitakuja kumzika. Pasipoti yangu iko kwa kafeel, tajiri anayenidhamini hapa, naye amesafiri. Moyo umenipasuka, kaka. Daisy, ninayekaa naye chumba kimoja, anapanda ndege kesho kwenda likizo. Atakupa barua hii mkononi kabla ya mazishi ya Jumamosi. Kwenye simu ningelia tu.

Unakumbuka barua zako za seminari, ulipokuwa ukisoma habari za maaskofu wa Wafaranki? Akina Adalbero, ukoo mmoja, jina moja, na wafalme wamo mikononi mwao. Yule wa Reims alimpigia debe Hugo mpaka akavikwa taji. Yule wa Laon alikula na Karolo, aliyekuwa akiudai ufalme, Jumapili ya Matawi, akaapa kwa mkate na divai kwamba ni mwaminifu kwake. Usiku ule ule akamkamata, akamtia mikononi mwa Hugo. Nililicheka sana jina lile, nikawa nakuita Baba Askofu Adalbero.

Sasa silicheki. Desemba ulikula kwa Cyrus, ukamwahidi mbele ya Mama kwamba utamuunga mkono kwenye uchaguzi wa udiwani. Jumapili iliyofuata ukamwita mpinzani wake altareni ukambariki, kwa kuwa aliahidi mabati. Najua paa la kanisa linavuja. Lakini yule ni ndugu yako, Linus! Mama amekufa hamsemezani, na hilo ndilo linaloniua.

Cyrus ameapa kwamba ukisoma misa wewe, yeye hakanyagi kaburini. Najua Mama alitamani umzike, alisema hivyo tangu upadirisho wako. Hata hivyo nakuomba uache. Misa ile padri yeyote ataisoma. Vaa shati la kawaida, nenda kwa Cyrus Ijumaa, mwombe radhi, kisha mbebe jeneza pamoja. Mama hana wana wengine.

Nisalimie shangazi Marietha na watoto wake. Mungu akupe nguvu ya kushuka altareni.

Na Cyrus msalimie wewe, kwa mdomo wako. Usimtume mtu.

Dada yako anayekupenda, hata leo,
Everlyn